Ya gobore nayasema mwenyewe

Najua video mmeiona. Chumvi (siyo jina lake, lakini kwa anavyosimulia mambo linamfaa) aliirusha Jumamosi usiku kwenye grupu la Wabongo wa huku Pennsylvania, na hakujakucha nikapigiwa simu kutoka Mwanza. Shangazi anauliza, "Mwanangu, ni kweli umepiga bunduki ikatoa kitambaa?" Shikamoo shangazi. Ni kweli. Ila yapo ya nyuma ambayo Chumvi hakuyarekodi.

Kilichoniponza ni mdomo. Kazini kuna mzee mmoja, mtu wa bunduki za gumegume (jiwe linatoa cheche, baruti inawaka), zile ndefu ambazo mafundi wa Kijerumani walikuwa wakizitengeneza huku upande wa Lancaster tangu miaka ya 1700. Hadi leo baada ya Krismasi kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume, na yeye haukosi. Siku anatusimulia, nikadakia: hiyo kwetu ni gobore, babu yangu kule Sikonge, Tabora, alikuwa nalo, mimi nimekulia kwenye moshi wa baruti. Nimekulia Mabibo, Dar es Salaam, jamani. Gobore la babu nililiona mara mbili, na mara moja lilikuwa limeegeshwa mlangoni kuzuia upepo.

Mzee akafurahi. Akasema Jumamosi twende uwanja wa shabaha, bunduki ananiazima, baruti ananipa, risasi na kitambaa nijitafutie ili nijifunze. Akataka kunitajia saizi. Nikamwambia, "Mzee, usinifundishe."

Sasa gobore la babu halichagui. Unamimina baruti, unashindilia tambara, unatia vipande vya nondo, gololi za baiskeli, chochote, halafu unaomba Mungu. Ya huyu mzee ndani ya mtutu ina mifereji iliyojizungusha kama skurubu, na risasi yake ni goroli ya madini laini ya risasi inayovikwa kitambaa. Kitambaa ndicho kinachoshika mifereji na kuizungusha. Kwa hiyo goroli lazima iwe ndogo kuliko mtutu, ila ndogo kidogo tu, na kitambaa kizibe pengo. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua mtutu ni nukta 50 ya inchi, yaani milimita 12.7, basi.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na goroli za nukta 495 na kitambaa cha jinzi kuukuu. Ikaingia nusu ya mtutu, ikagoma. Nikausukuma mdeki, ule ufito wa kushindilia, kwa mikono, kwa kifua, nikajaribu hata kuuegemea. Mzee akanizuia, maana risasi ikikwama njiani mbali na baruti halafu mtu akafyatua, mtutu unaweza kupasuka usoni. Ikabidi itolewe kwa skurubu maalumu, dakika arobaini, watu wamepanga foleni. Nikaapa: wiki ijayo naleta inayoingia bila ugomvi.

Nikaagiza za nukta 440. Kwenye tangazo imeandikwa wazi kabisa ni za mtutu wa nukta 45. Nimesoma. Nikasema ndogo si ndogo tu? Kitambaa nacho, jinzi ilishanitia aibu, nikafungua kabati la mke wangu, nikakata ukanda kwenye khanga, upande wa maandishi kwa sababu ndio uliokuwa juu. Msiniulize maswali, nimeshaulizwa yote.

Jumamosi ya pili. Baruti ndani. Khanga juu ya mdomo wa mtutu, goroli juu yake, nikasukuma kwa kidole, nikakata kilichobaki. Mdeki ukashuka wenyewe, swaaa, kama kijiko kwenye uji. Nikamgeukia mzee na lile tabasamu la "unaona?". Mzee hakutabasamu. Alikunja uso, na mimi nikadhani ni jua.

Hapa naomba twende polepole, maana Chumvi amepaharakisha.

Nimevaa vizuia kelele masikioni. Nimesimama kwenye mstari, nimetia baruti kwenye kile kisahani cha pembeni, nimefunika. Chumvi anasema, "Subiri nikupige picha." Basi nikaweka pozi: mguu mbele, kitako juu kwapani, mtutu umeelekea chini kule kwenye shabaha. Sekunde ya nne ya video, sikilizeni vizuri, kuna kisauti ndani ya mtutu: kruuuu. Sekunde ya tano goroli inachungulia mdomoni. Inasita pale, wallahi inasita, kama mgeni anayeuliza hodi. Sekunde ya sita, to! Iko kwenye sakafu ya zege. Uwanja mzima umesikia isipokuwa mwenye bunduki. Goroli inabiringika taratibu, inampita Chumvi (anairekodi, shenzi, haniambii), inakwenda kusimama kwenye buti la mzee.

Mzee ananipungia mikono kunizuia. Mimi namwona. Nampungia na mimi.

Halafu nikalenga, nikafyatua. Jiwe likatoa cheche, kisahani kikawaka, kimya kidogo, kisha: fuuuu. Si mlio. Ni kama mtu kazima jiko la mkaa kwa maji. Moshi mweupe, na katikati ya moshi kipande cha khanga kinapepea kikifuka, kikatua majanini hatua chache mbele yangu.

Ningenyamaza pale ningepona. Lakini nilivua vizuia kelele, nikakodolea shabaha yadi 50 kule, karatasi safi kama shuka la hoteli, nikatangaza kwa Kiingereza changu chote: "Nadhani imepita juu kidogo, upande wa kushoto. Ni upepo."

Mzee akafungua kiganja.

Basi. Watu walicheka, mmoja akakaa chini. Mzee akanipimia: kati ya goroli yangu na mtutu kulikuwa na milimita moja na nusu, na khanga nyembamba ile haiwezi kuziba. Akanipa goroli zake za nukta 490 na kitambaa kigumu cha foronya za mito. Ukiingiza unasikia inashika, lakini inakwenda. Nilipiga tatu, mbili zikagusa karatasi. Chumvi hakurekodi hata moja.

Kabla hatujaondoka mzee akaokota ukanda uliobaki akauliza umeandikwa nini. Khanga ilikuwa ya HASIDI HANA SABABU. Sababu yote nilishaikata, nusu majanini, nusu mfukoni kwa akiba. Nikamsomea: "Hasidi hana." Akauliza hana nini. Chumvi akajibu kabla yangu: "Hana risasi."

Mke wangu anataka doti mpya, na jina atalichagua mwenyewe. Hela nimeshatuma Kariakoo.