Bahari siku ya Jumamosi? Mi simo

Juni ikiingia tu grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa Berlin linachangamka, jamani sama (kiangazi) ndo hiyo tunaenda wapi, na hujamaliza kusoma mtu ashaandika Warnemünde, ule ufukwe wa kaskazini. Kila mwaka Warnemünde. Naelewa bwana, wengi wetu tumekulia na bahari mlangoni, ukishinda miezi saba ndani ya koti na soksi mbili mbili halafu ukasikia kuna ufukwe mahali fulani na treni inafika, lazima moyo ukuruke. Lakini mi safari hiyo nishaifanya mara nne na leo naongea: matembezi ya treni ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwenda kusizidi saa moja na nusu. Ikizidi hapo hayo si matembezi tena, hiyo ni shifti.

Piga hesabu mwenyewe. Berlin mpaka Rostock kwa treni za mkoa ni kama saa mbili na dakika 40, hapo bado hujaiona bahari, unashuka unapanda treni nyingine dakika ishirini na kitu ndo unafika Warnemünde. Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, na hapo ni kama kila kitu kimekwenda sawa. Treni za kasi zipo lakini sisi wote tunatembea na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya treni za mkoa, na hiyo treni za kasi, ICE wala IC, haipandi. Siisemi vibaya tiketi yenyewe, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, Januari 2025 ikawa 58, Januari 2026 ikafika 63, na kwa kuzunguka nchi nzima bado ni bei ya bure. Shida ni kwamba kila mtu anayo! Na kila mtu kaliona jua lile lile ulilolia wewe timing asubuhi ya Jumamosi.

Mara yangu ya mwisho kurudi toka kule nilisimama kuanzia Rostock hadi Neustrelitz, mguu mmoja tu ndo uko sakafuni, mwingine umekanyaga begi la mtu nisiyemjua, mbele yangu baiskeli sita zimepandana, kuna mbwa kalowa anajipangusa kwenye suruali yangu, na kuna kijana kashikilia boya kubwa la kupuliza lenye umbo la bata, kila akiombwa alitoe upepo anasema linachukua dakika arobaini kulijaza. Sasa utalijazia wapi tena ndugu yangu, si unaenda nyumbani? Nilifika nina mchanga masikioni na hasira na watu ambao hawajanikosea chochote.

Mwaka uliofuata mama alikuja kutembea toka Tanga, Julai, nikajiambia huyu mzee simtesi. Nikampeleka Lübbenau, kule Spreewald, kama saa moja tu kutoka Berlin. Jumanne. Behewa lilikuwa na nafasi mpaka mama akanyoosha miguu. Kule mto Spree unagawanyika vijito chungu nzima ndani ya msitu, na watalii wanapandishwa kwenye mitumbwi mirefu bapa, katikati kuna meza na vitambaa vyake, halafu nyuma kasimama mtu anausukuma kwa mti mrefu. Mama kukaa tu akageuka, "Eh, pondo! Kumbe na Wazungu wana pondo?" Basi safari nzima hakuangalia msitu, alikuwa anamwangalia yule baba mikono, mara anasema sasa hapo anachelewa kuunyanyua, mara anasema ah huyu anajua. Alipoambiwa kwamba kijiji cha Lehde hapo jirani wakati wa kiangazi barua zinapelekwa kwa mtumbwi ndo kabisa, alitaka tumsubiri tarishi.

Na kule stesheni aliniuliza swali ambalo mi nimepita hapo mara ngapi sijui na sikuwahi kujiuliza, mbona kibao kina majina mawili. La pili ni la Kisorbi, lugha ya watu wa pale wenyewe, Waslavi waliokuwepo tangu enzi na enzi na bado wapo, wachache, wana lugha yao katikati ya Wajerumani. Mama akakisoma kile kibao pole pole, Lubnjow, mara mbili. Akanunua na chupa ya yale matango yao ya kuchachusha, akaonja, akasema achari hii imekosa pilipili.

Sasa hayo utayapata wapi ukiwa umebanwa na bata la plastiki?

Kwenye kupanga wengi tunaanzia kubaya, tunaanza na pa kwenda. Anza na treni ya kurudi. Angalia ya mwisho ni saa ngapi, halafu panga kupanda ile ya kabla yake, sio hiyo ya mwisho. Na usiku wa kuamkia safari angalia tena kwenye apu maana kiangazi ndo msimu wao wa kukarabati reli, unafika unakuta Schienenersatzverkehr, yaani basi badala ya treni, neno refu kuliko basi lenyewe wanalokuletea. Muda andika kwa namba, 9:04. Mwaka juzi niliandika kwenye grupu tukutane saa tatu stesheni, vijana waliozaliwa huku wakaelewa saa tisa mchana, tukawasubiri na hotipoti la pilau linapoa.

Hotipoti lenyewe lisikosekane, hasa Jumapili, maduka huku karibu yote yanafungwa na vimji vidogo vinakuwa kimya kama kuna msiba. Mkiwa na mgeni asiye na tiketi ya mwezi kuna ile ya Brandenburg-Berlin (Brandenburg ndo jimbo linaloizunguka Berlin), moja inabeba watu hadi watano siku nzima, ila siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi (ya kwetu!), kabla ya hapo usiipandie. Usiogope kuondoka kuchelewa, mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, mchana huo wote utaupeleka wapi.

Potsdam ni karibu mno mpaka watu wanaidharau. Werder nenda msimu wa cheri. Ila mwaka huu mi nimewapendekezea Chorin, kama dakika 50 hivi, unashuka unatembea porini nusu saa mpaka kwenye monasteri ya karne ya 13, magofu ya matofali mekundu, sehemu nyingine hazina paa, na ng'ambo ya bwawa kuna nyasi za kutandika mkeka. Nimeweka na picha. Mpaka jana usiku kura zilikuwa Warnemünde 11, Chorin 2, na hiyo ya pili ni ya mke wangu.