Mpe Mwenzako Usukani

Siku mbili za kwanza niliendesha mimi. Hatukukubaliana hivyo. Nilipokea funguo pale tulipokodi gari Los Angeles, nikaketi mbele ya usukani, mambo yakawa ndiyo hayo. Mke wangu ana leseni ya miaka kumi na miwili na, kusema kweli, barabarani ana subira kunishinda. Hata jina lake tuliliandikisha kwenye mkataba kama dereva wa pili, maana asiyeandikwa akipata ajali bima inaweza kukukana. Lakini sikumpisha.

Tukafika Lone Pine, mji mdogo ulio chini ya safu ya Sierra Nevada, shingo yangu imekakamaa kama gogo. Asubuhi yake mke wangu akaniuliza kama niliona jinsi milima ilivyogeuka rangi jua lilipokuwa linazama. Sikuona. Nilichoona kwa saa nzima ni mgongo wa lori. Pale kando yangu ulikuwepo Mlima Whitney, mita 4,421, mrefu kuliko wowote Marekani ukiiacha Alaska, nami nilikuwa nahesabu ni lini nitapata nafasi ya kulipita lori.

Ndipo nikapata maoni haya, ambayo najua wanaume wenzangu wengi hawatayapenda: wanandoa wakisafiri kwa gari na mmoja akang'ang'ania usukani, wamesafiri nusu. Mmoja ametembea, mwingine amefanya kazi ya udereva bila mshahara. Na cha kuchekesha ni kwamba yule dereva ndiye anayejiona bwana wa safari.

Basi nikampa funguo. Dakika ya kwanza alitaka kuonyesha indiketa, akawasha waipa. Sote tulizoea magari yenye usukani kulia, ambako vijiti hivyo viwili huwa vimebadilishana pande. Waipa zikakwangua kioo kikavu, kwaru, kwaru, na mbinguni hakuna hata wingu. Nilifungua mdomo niseme neno, nikakumbuka kwamba mimi jana yake nilifanya hivyo mara nne.

Kutoka Lone Pine barabara inapita kando ya Ziwa Owens, ambalo karibu lote ni vumbi na chumvi tangu maji ya bonde lile yalipoanza kupelekwa Los Angeles kwa mfereji uliokamilika mwaka 1913. Halafu inazama Bonde la Panamint, inapanda tena hadi Towne Pass, mita 1,500 na ushei, na kutoka hapo inaporomoka moja kwa moja hadi usawa wa bahari. Mteremko mmoja wa kilomita 27 hivi. Ukiukabili kwa kukanyaga breki muda wote zinapata moto, zinaanza kunuka, na mwisho zinaacha kushika. Dawa yake ni gia ndogo, injini ilizuie gari.

Hayo yote nilikuwa nimeyaandaa kichwani kama hotuba. Kabla sijaanza, nikasikia injini inanguruma kwa sauti ya juu. Alishashusha gia. Mimi huku mguu wangu wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu kwa nguvu mpaka kifundo kinauma.

"Baba watoto," akasema bila kugeuza shingo, "hilo zulia halina breki."

Hapo nilielewa kwa nini miaka yote hii, nikiendesha mimi, yeye ndiye huchoka zaidi. Dereva anajua kona inayokuja, mwili wake unajiandaa kabla ya gari kuyumba. Ndiyo maana ni nadra dereva kutapika. Abiria anayumbishwa tu. Nilikuwa nimemwita mwoga mara ngapi? Sitaji idadi hapa.

Lakini abiria pia anaona. Niliona Bonde la Mauti, Death Valley kwa Kiingereza, likifunguka chini yetu, jeupe katikati kama sinia lililonyunyiziwa unga. Kule Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, kuna kibao juu kabisa ya jabali kuonyesha bahari ingefika wapi, na ni lazima uinue kichwa kukisoma. Kutoka hapo hadi kilele cha Whitney, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 136 tu. Jirani tu na hapo ni Furnace Creek, palipopimwa nyuzi joto 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Sisi tulikwenda mwezi wa kumi, na hata hivyo upepo ulikuwa wa mdomo wa tanuri.

Tukaanza kugombana juu ya kiyoyozi. Kwenye miinuko ya bonde lile kuna vibao vya kuwaambia madereva wakizime ili injini isichemke. Mimi nilitaka kiwake kidogo tu, yeye akakizima. Ugomvi ule ukatuzalia sheria: aliyeshika usukani ndiye mwenye mamlaka juu ya mwendo na kiyoyozi, aliyekaa pembeni ndiye anayeamua tusimame wapi. Hakuna rufaa.

Sheria hiyo ndiyo iliyotupa miji midogo. Ningekuwa naendesha, Rhyolite ningeipita kwa kisingizio cha kuchelewa, ingawa hatukuwa tunangojwa popote. Dhahabu ilipatikana pale mwaka 1904, wakajenga hadi benki ya ghorofa tatu, na kufikia 1916 umeme ukakatwa kwa kuwa hakukuwa na wa kumwashia. Kuta za benki zimesimama bila paa, madirisha yake yakionyesha anga. Mbele zaidi, Goldfield, iliyowahi kuwa na watu kama 20,000, sasa ina mia chache. Tulitembea mtaa mzima tukapishana na mbwa mmoja.

Sasa niseme na ubovu wa sheria yetu. Tulipofika Tonopah abiria nilikuwa mimi. Mbele yetu ilikuwa barabara ya kwenda Ely, zaidi ya kilomita 250 bila kituo cha mafuta. Geji ilikuwa juu kidogo ya nusu. Mke wangu akapunguza mwendo penye kituo, akaniangalia. Nikasema inatosha, twende. Mamlaka ya kusimama ni yangu, si ndiyo?

Tukaenda. Simu zikapoteza mtandao. Milima ikaja, bonde likaja, mlima mwingine, na magari yaliyotupita yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baada ya kilomita kama ishirini akawasha indiketa (indiketa safari hii, si waipa), akageuza gari, akarudi Tonopah bila kuniomba ruhusa. Alijaza tangi mwenyewe. Mimi nilinunua maji, lita nane, kwa sababu nilihitaji kuonekana nina kazi.

Kutoka Ely tulirudi magharibi kwa barabara ya namba 50, ile ambayo mwaka 1986 jarida la Life liliiita barabara yenye upweke kuliko zote Marekani. Jina limeivutia wageni tangu hapo. Mimi niliiona imetulia tu. Kati ya Eureka na Austin usukani ulikuwa kwangu, kiyoyozi kwangu, na hatukusemezana kwa karibu saa nzima bila mtu kuwa amenuna. Kabla ya Austin unapanda mlima, kisha unashuka mjini kwa kona kali zinazofuatana. Kwenye kona ya pili nikasikia kitu kikisugua zulia upande wake.

Nikashusha gia.