Msitu umejaa, ila kwa macho ya nani?

Kila sehemu ya kupumzikia kwenye msitu wa mvua ikipata jina, linakuja lile swali la kwamba watu wamezidi wapunguzwe. Mi nasema kabla ya kufunga geti tuulize kwanza nani anaona wamezidi, maana wingi wa watu ni kitu kimoja na kujisikia umebanwa ni kitu kingine kabisa.

Tangu 1977 watafiti wanatumia kipimo cha Heberlein na Vaske, mgeni anachagua namba 1 mpaka 9, 1 hajabanwa hata kidogo, 9 kabanwa kupita kiasi. Sasa mtu aliyekuja peke yake kusikiliza ndege akipishana na kundi la watu kumi anaweza kukupa 7, afu familia iliyokuja na watoto kuogelea, palepale na siku ileile, ikakupa 2, kwa sababu kwao nyomi ndo raha yenyewe. Wa mara ya kwanza hana cha kulinganisha, anaona ndo kawaida, wakati wa miaka yote anakumbuka palivyokuwa kimya. Na miti minene inaficha watu, njiani huoni mtu, ukifika kwenye maporomoko wote mko kwenye kidimbwi kimoja.

Wanaotaka idadi ipunguzwe wana hoja moja nzito sana: dodoso linawakuta waliokuja tu, waliochoshwa na kelele walishahamia kwingine, kwa hiyo wastani mzuri unaweza kutudanganya. Na kule msitu wa Bwindi, Uganda, ziara ya kawaida ni watu 8 kwa familia moja ya gorila, saa moja, basi. Hapo sibishi, gorila wanaambukizwa magonjwa yetu.

Lakini kwenye msitu wa mvua wa El Yunque, Puerto Rico, kipindi cha korona ilibidi kubuku mtandaoni kuingia eneo kuu, na utaratibu wa hivyo unambeba mtalii aliyepanga safari mapema kuliko mwenyeji aliyeamka asubuhi akasema twendeni mtoni. Inaniuma hiyo. Tena njia huharibika zaidi na wale wachache wa mwanzo, ikishakanyagwa, ukipunguza watu nusu uharibifu haupungui nusu, bora uweke mawe au mbao watu wasikwepe tope na kuipanua.

Kwa hiyo ukomo uwekwe pale viumbe wanapodhurika, kwingine njia za ukimya zitengwe mbali na pa kuogelea, pakingi isiongezwe ovyo, na dodoso liwafuate pia walioacha kuja.