Sarufi ya Kiingereza ianzie barazani kwetu

Juzi jioni binti wa jirani, aliyemaliza darasa la saba Septemba, alikuja barazani kwangu hapa Ngamiani, mjini Tanga, na daftari lake la tuisheni. "Shikamoo mwalimu." Akakaa mkekani, akafungua ukurasa wenye jedwali la njeo 12 za Kiingereza, yaani nyakati za kitenzi, mistari imepigwa kwa rula, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu. Amelikariri lote, kuanzia juu hadi chini. Nikamwomba aniambie kwa Kiingereza baba yake anafanya kazi gani. Akafikiri kidogo, akasema: "My father he is fishing."

Baba yake saa ile alikuwa nyumbani amelala. Mwezi ulikuwa mpevu, na wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao usiku wa mbalamwezi.

Sentensi ya binti yule ina makosa mawili, na ninataka msomaji ayatazame vizuri, kwa sababu yote mawili ni Kiswahili safi. Kwanza lile "he". Sisi tukisema "baba anavua", ile "a" ya mwanzo wa kitenzi haiondoki hata kama baba ametajwa tayari. Hakuna Mswahili anayesema "baba navua" akimaanisha baba yake. Binti ameichukua "a" yake kwa uaminifu, akaipa jina la Kiingereza. Pili, "is fishing". Kwetu "anavua" hubeba mawili: yuko baharini sasa hivi, au ndiyo kazi yake ya kila siku. Kiingereza kimeyatenga hayo mawili, na hakuna aliyewahi kumwambia binti huyu kwamba yametengwa. Alipewa jedwali tu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilisimamishwa mbele ya darasa kwa sentensi ya namna hiyo hiyo, na mwalimu akawaachia wenzangu wanicheke mpaka wakachoka. Sikunyoosha mkono tena mpaka mwaka ukaisha. Kosa lenyewe halikufafanuliwa. Nililielewa miaka mingi baadaye, nikiwa peke yangu, na uchungu nilioupata siku hiyo ya kulielewa ulizidi ule wa kuchekwa, maana ilikuwa jambo la kuelezwa kwa dakika mbili.

Shule zetu za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na Kiingereza ni somo moja kati ya masomo. Ikifika Januari ya kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia, hesabu, vyote vinageuka Kiingereza kwa siku moja. Mjadala wa lugha ya kufundishia siuingii leo. Ninalotaka kusema ni kuhusu ile miezi ya kati, Oktoba hadi Desemba, ambapo wazazi wa Tanga wanajinyima kulipia prifomu wani, yale masomo ya kumwandaa mtoto kwa kidato cha kwanza, na mtoto anarudi na jedwali la njeo 12. Jedwali hilo halina kosa. Limekuja mapema mno, na limeruka kitu ambacho mtoto anacho tayari mdomoni.

Maana sarufi anayo. Tena anayo tajiri. Mji huu una msemo wake ambao kila mgeni anaambiwa akishuka stendi: "Waja leo, waondoka leo." Tuuvunje msemo huo. "Waja" ni u-a-ja. Hakuna "na" ndani yake. Wazee wetu bado wanauliza "wataka nini?" na "wasemaje?", na sote tuna ile "hu" ya mazoea: baba huvua, mama huuza vitumbua, mvua hunyesha Aprili. Basi Kiingereza cha kila siku, kile cha "you come" na "he fishes", kinakaa karibu na "waja" na "huvua" kuliko kinavyokaa karibu na "unakuja" na "anavua". Kanuni ninayowapa wanaokuja barazani ni hii: ukitaka kusema kitu kwa Kiingereza, jaribu kwanza kuiondoa "na" na kuweka "hu". Ikikubali bila kuharibu maana, usitumie "is" na "ing". Fundi cherehani mmoja anayesoma kwangu alikuwa akiulizwa kazi yake anajibu "I am sewing", hata akiwa amekaa anakunywa kahawa. Nilipomwambia "wewe hushona, hushoni sasa hivi", alicheka, akasema "I sew clothes", na tangu siku hiyo hajakosea hapo.

Ugumu wenyewe uko kwenye "me". Hapo hata mimi hupunguza mwendo. "Nimefika" ni "I have arrived", sawa. Lakini "amelala"? Mwanafunzi atasema "He has slept", na aliyezaliwa na Kiingereza ataelewa kwamba jamaa ameshaamka. Sisi tunasema amelala na bado anakoroma. Vivyo hivyo amekaa, amesimama, nimechoka, amevaa kanzu. "Me" yetu hueleza tendo lililokwisha, na pia hali iliyobaki baada ya tendo kwisha. Kwa hali hiyo iliyobaki, Kiingereza huenda kwa "is": he is asleep, he is standing, I am tired. Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, jiulize: ninasimulia tendo, au ninaeleza hali ambayo mtu akigeuza shingo ataiona? Ni swali dogo, na linaokoa sentensi nyingi.

Kisha kuna kosa linalochekwa kuliko yote, "I did not went". Nimesikia watu wazima wakizomewa kwa hili. Sasa sikiliza: kwa Kiswahili tunasema "nilienda", na tukikanusha tunasema "sikuenda". Kuna mtu aliwahi kusema "sikulienda"? Hakuna, hata mtoto wa miaka mitatu. "Ku" imeshabeba wakati uliopita, hivyo "li" inapumzika. "Did" ya Kiingereza hufanya kazi hiyo hiyo ya "ku": imebeba wakati, basi kitenzi kinarudi kuwa "go", kitupu. Anayesema "I did not went" amesema "sikulienda". Nimewaeleza hivyo watu wa rika zote, na sijaona ufafanuzi unaoingia upesi kama huu, kwa sababu sikio la Mswahili linakataa "sikulienda" lenyewe, bila kufundishwa.

Wapo watakaonipinga, na baadhi ni walimu ninaowaheshimu. Wanasema mwanafunzi asitafsiri, afikiri kwa Kiingereza. Ni ushauri mwema kwa aliyefika mbali. Lakini anayeanza atafikiri kwa Kiingereza kipi? Ana maneno mia mbili. Kiswahili chake kitafanya kazi chini kwa chini, upende usipende, na kisipotazamwa ndipo kinapozaa "my father he". Afadhali tukiweke mezani, tukione, tujue kinafanana wapi na kinaachana wapi.

Kijana mmoja wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni upande wa Raskazone alinisimulia jinsi mgeni alivyomuuliza, "You don't have a room?" naye akajibu "Yes", kama sisi tunavyojibu "ndiyo, hatuna". Mgeni akashusha mabegi. Sisi tunakubali au kukataa maneno ya muulizaji. Kiingereza hutazama jambo lenyewe tu, lipo au halipo. Chumba hakipo, jibu ni "No". Tulifanya zoezi la maswali ya kukanusha jioni nzima: hujala, hujaoga, huna baiskeli, hukwenda sokoni Mgandini.

Kuhusu "a" na "the", sina maneno mengi. Kiswahili hakina vitu hivyo na havifundishiki kwa siku moja. Soma, sikiliza, vitaingia polepole. Asiyeviweka bado anaeleweka.

Na mazoezi yafanywe kwa sauti. Hili ninalishikilia kuliko yote. Daftari peke yake humdanganya mtu, kwa kuwa mkono una muda wa kufuta na mdomo hauna. Ninawaambia watu wangu watunge sentensi tano kila jioni kuhusu siku yao halisi, wazitamke, kisha wabadilishe mtendaji: mimi, wewe, yeye, sisi. I sell fish, she sells fish. Hapo ndipo ile "s" inapogoma kutoka, na haishangazi, maana sisi alama ya mtendaji huiweka mbele ya kitenzi, na wingi huuweka mbele ya nomino, mtoto, watoto. Kiingereza huviweka nyuma, na ulimi uliozoea kumaliza neno kwa irabu huuona mwisho huo kuwa mzito. Kwa hiyo usihesabu umeelewa mpaka "s" isikike na jirani.

Binti wa mvuvi alirudi jana. Nilimpa kazi ya kugeuza sentensi zake kuwa maswali. Aliandika "He fishes at night", chini yake "Does he fish at night?" Akaitazama kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya neno la kwanza.

"Mwalimu, ile s imehama."

"Imehamia wapi?"

"Imeenda kwenye does. Kama ile sikuenda ya juzi."

Nikamwambia aandike nyingine kumi.