Paka wao, barua zangu

Hebu niambieni, mtu asiyefuga hata kuku anaandikiwaje barua ya kuondoa mifugo?

Nauza nafaka Majengo, hapa Moshi. Mchele, mahindi, maharage, sembe, dona, na dagaa wa Mwanza kwa kopo. Wateja wananiita Mangi, yaani chifu wa Kichaga, kwa sababu mjini hapa kila mwenye duka ni Mangi hata akiwa ametokea Nachingwea. Ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa mbele wa Mama Paka. Jina la ubatizo analo, ila mtaa ulishalisahau. Ni muuguzi mstaafu, na badala ya kukaa kibarazani kulea wajukuu, yeye anaokota paka. Ana jeshi lake: kijana wa bodaboda, binti wa kidato cha nne, na kila msimu binti mwingine wa Kizungu aliyekuja kujitolea kufundisha chekechea akaishia kwa paka. Wanawalisha, wanawachanja, wanawapeleka kwa daktari wa mifugo kuhasiwa. Paka mmoja akipata wa kumchukua, wanapika pilau.

Sina ugomvi nao. Ugomvi wao ni na ofisi. Ofisi gani, sitaji, maana leseni yangu ya biashara inakatwa huko huko.

Mji wetu mnaujua. Umesifiwa kwa usafi hadi mtoto wa Dar akija likizo anatembea na ganda la ndizi mkononi kutoka stendi mpaka kwa bibi yake Kiboriloni, anaogopa kulitupa. Katika mji wa namna hiyo, bwana afya akikuta paka wamejipanga juu ya ukuta wakisubiri dagaa, haoni paka, anaona maksi zinakatwa. Ndipo ikaja barua: kuondoa mifugo yote iliyopo eneo hilo ndani ya siku saba. Mama Paka alipomwona mgambo akafunga geti. Mgambo akazunguka, akaona kibao cha anwani ya makazi mlangoni kwangu, vile tulivyobandikiwa mwaka 2022, akasema basi imefika. Akaichomeka chini ya mizani. Nikamwambia mimi nauza maharage. Akaniambia, "Mangi, barua inafuata anwani, haifuati mtu." Tangu hapo za paka zote zinafikia kwangu. Ya mwanangu ya matokeo ya shule niliifuata mwenyewe mpaka mguu ukavimba.

Mama Paka si mtu wa vurugu. Akasema kama shida ni kibali, atakwenda kuomba. Akapewa fomu ya wafugaji. Alinijia nayo dukani tuijaze, kwa kuwa nina kalamu. Aina ya mifugo: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, nyinginezo. Akaandika nyinginezo. Lengo la ufugaji: nyama, maziwa, au biashara. Tukatazamana. Wastani wa maziwa kwa siku. Hapo akafikiri sana, akaandika, "Wanakunywa, hawatoi." Fomu ikarudishwa kwamba ina mzaha.

Niwe mkweli, bwana afya naye ana hoja. Paka akiumwa na mbwa mwenye kichaa, naye anaupata, na akikung'ata ni wewe na sindano zako. Ua wa paka wengi unanuka, na mimi ninayekaa upande ule upepo unakoelekea siwezi kubisha. Mzee wa nyumba ya tatu anadai vifaranga vyake vinaisha. Ila wale paka walikuwa wamechanjwa na kadi zao zipo, wakati ng'ambo ya barabara kuna mbwa wanaozurura usiku kucha na hakuna aliyewaandikia hata mstari. Labda kwa sababu mbwa wanabweka.

Basi, ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, maduka yamefungwa, sote tuko mitaroni na majembe. Ukiona mgambo kaamka kabla ya jogoo, ujue kuna ugeni unakuja mjini. Wakaja na magunia. Nilisikia vilio hadi nikadhani mtu amefumaniwa. Walibeba waliowakamata, wakaenda kuwamwaga kule upande wa mashamba ya miwa. Mama Paka alikaa barabarani na kanga yake mbele ya gari, bodaboda akapiga honi, binti wa Kizungu akalia kwa lugha mbili. Gari likapita pembeni.

Sasa sikilizeni hasara yangu, maana hii ndiyo hakuna mwandishi wa barua anayeiuliza.

Paka akiondoka panya hutawala. Methali ile naapa aliitunga mwenye duka la nafaka. Haikupita muda, gunia la mchele likatobolewa kwa chini, kitaalamu, tundu dogo ili nisilione mpaka nilinyanyue. Sembe ikawa na alama za meno. Mteja wangu wa miaka yote, mama wa mgahawa, akakuta kwenye kisado cha maharage kitu cheusi kisicho haragwe. Hakusema kitu. Alinitazama tu, akavuka barabara kwenda duka la mbele.

Nikaenda kwa bwana afya mwenyewe, kistaarabu, shikamoo mkuu, nikaeleza. Akanishauri nitege sumu. Sumu ya panya ndani ya duka la unga! Na akija kukagua unga ni yeye yule yule, na faini ni ile ile. Nikitoka pale nakutana na yule kijana wa spika begani, "Panya, mende, kunguni, chawa, viroboto!" anapita Majengo nzima akitabasamu. Huyo ndiye mtu pekee aliyenufaika na zoezi lile. Mama Paka akanionya: panya akila sumu na paka akala panya, umeua wawili. Nikamuuliza, na mimi nikila hasara nimeua wangapi? Akanipa kitoto cha paka kinikae dukani. Kiliona panya wa kwanza, kikapanda juu ya kabati na hakikushuka mpaka jioni.

Na paka wapya wakaja! Hilo ndilo lililonimaliza. Wale wa zamani walikuwa wamehasiwa, ncha ya sikio imekatwa kidogo ili ajulikane, wametulia, wana mipaka yao, na mgeni akisogea wanamfukuza. Walipoondolewa, chakula kikabaki jalalani na nafasi ikawa wazi, wakahamia mapaka shume kutoka Pasua na Njoro, masikio mazima, hasira nzima. Usiku wanapigana juu ya bati langu. Wakiacha kupigana ndiyo mbaya zaidi. Binti wa kidato cha nne alinipigia hesabu kwenye karatasi ya kufungia sukari: jike anabeba mimba kama miezi miwili tu, anazaa watoto wanne hivi, na hao majike wadogo wakifika miezi mitano nao tayari wanaweza kubeba, huku mama yao hajakaa hata kidogo ameshabeba nyingine. Nikaona huu ni mkopo wa kausha damu. Unakopa paka wawili, mwaka haujaisha umefilisika.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Yule binti alisimama na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ameichapa steshenari, anasoma kama yuko bungeni: mnyama asiachwe na njaa, kiu, maumivu wala hofu. Nikanong'ona kwa jirani kwamba hivyo vyote vinne ninavyo, hofu hasa ikikaribia tarehe ya kodi ya pango. Mama mmoja akasema paka mweusi wa pale si paka, ana macho ya mtu anayemdai. Shabiki mmoja wa Yanga alikataa kuchangia dagaa kwa sababu Wazungu walimpa paka mmoja jina la Simba. Tukaketi karibu nusu saa kujadili jina. Mwenyekiti akaamua abadilishwe. Wa Simba wakasema basi nao hawachangii.

Binti wa Kizungu naye akaomba kusema. Akatueleza kwamba Roma, Italia, kuna magofu yanaitwa Largo di Torre Argentina, pale alipouawa Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo, na siku hizi wanaishi paka, wanalelewa na akina mama wa kujitolea. Na mwaka 2012 wasimamizi wa mambo ya kale wakataka kibanda chao kiondoke, hakina kibali. Mkutano mzima ukaguna. Kumbe kibali kinasumbua hata alipofia mtawala! Tena akasema Italia wana sheria ya 1991 inayokataza kuwahamisha hovyo paka wasio na mwenyewe. Wanahasiwa na kurudishwa pale pale. Mwenyekiti akauliza, "Na wenye maduka ya nafaka kule, sheria inasemaje?" Niliona nimpigie makofi. Binti hakujua.

Ikaundwa kamati. Tanzania hatujawahi kushindwa kuunda kamati. Mimi nikawekwa kama mwakilishi wa wafanyabiashara, bila posho, soda moja kwa wajumbe wawili. Kikao cha kwanza na mtu wa ofisi nikazungumza kwa moyo wote. Nikasema jamani, warudisheni wale waliokatwa masikio, walikuwa wananilindia mali, hawanidai mshahara wala hawaombi ruhusa ya msiba. Yule bwana akawa anaandika, anatikisa kichwa, anaandika. Nikajua hoja imeingia. Mama Paka akanikonyeza.

Juzi imeletwa barua mpya, safari hii ina jina langu kabisa, hata herufi ya katikati hawakukosea. Kwa kuwa nimekiri mbele ya kikao kwamba paka hao wananifanyia kazi ya ulinzi na udhibiti wa panya, wanahesabika ni sehemu ya biashara yangu. Nifike ofisini na leseni yangu, nieleze kwa nini huduma hiyo haikuonyeshwa humo, na nije na idadi yao.

Idadi yao! Wale wa zamani wako kwenye miwa, wapya hawaniheshimu, na yule mdogo bado yuko juu ya kabati.

Mama Paka amesoma ile barua akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Anasema angalau sasa paka wana mwenyewe anayetambulika kiserikali, na deni lake la dagaa kwenye daftari nilihamishie kwenye matumizi ya duka. Bodaboda anasema niwalipie na bima.

Hapo ndipo walipokosea wote. Wameniita Mangi hadi wakasahau kuuliza kwetu wapi. Mimi ni Mpare wa Usangi, na sisi Wapare, watani zetu wanatusema tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Jana usiku nimempigia baba mdogo. Hakuuliza paka ni wa nani wala wako wangapi. Aliuliza kama barua ina mhuri. Nikamwambia unao, tena wa bluu. Akasema nisiijibu, nisiikunje, nisimpe mtu aishike, na nimtumie nauli, anakuja na basi la kwanza na faili lake.