Nilibisha Hodi kwenye Kombora

Kosa la kwanza lilikuwa la mke wangu, aliyewaambia majirani kwamba nimekwenda Misri kuzamia. Mtaani kwetu Ng'ambo mtu akizamia harudi. Miaka mitatu baadaye inaletwa picha yake amesimama kwenye theluji. Jirani mmoja alikwishaanza kuiulizia baiskeli yangu.

Wallahi nilikwenda kuzamia kwa mtungi na miwani, kwenye Thistlegorm. Meli hiyo ya Waingereza ilizunguka Afrika nzima mwaka 1941 ikiikwepa Mediterania, na ilipokuwa imetia nanga Bahari ya Shamu, usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba, ndege za Wajerumani zikaizamisha. Ipo chini mita 30 hivi, na mzigo wake ndani: malori yamebeba pikipiki, bunduki, hata mabuti ya mpira. Nikawa nakagua pikipiki kama dalali wa Darajani.

Kule nyuma, mabomu yalikoipasua, nikamwona chewa, mkubwa kama gunia la mchele. Nikataka kumwita kiongozi wetu. Kule chini mtu haiti, hugonga mtungi wake kwa chuma. Wangu uko mgongoni, mkono haufiki. Pembeni kulikuwa na kitu mfano wa mchi wa kinu, kimeota magamba. Nikakigonga: ngo, ngo, ngo. Mara tatu, kwa adabu zote.

Kiongozi akageuka, macho yamejaa kioo kizima cha miwani. Akakunja ngumi, akaifumbua vidole vyote kwa ghafla. Tano? Dakika tano? Nikamjibu kwa ishara kwamba sawa, nikagonga tena, nikamwonyesha chewa wangu.

Alinikamata mkanda akanivuta kama mbuzi anayetolewa kisimani. Ndipo nilipoona michi mingine imelala pale, yote ina ncha.

Sasa, kabla ya kuibuka ni lazima kutulia mita tano, dakika tatu, mwili utoe naitrojeni. Dakika tatu, juu ya mzigo ule! Nilisoma kila sura niliyohifadhi chuoni, na mbili nilizodhani nimezisahau.

Kwenye boti kiongozi akanieleza kwamba baruti si kama mzee, ikikaa sana ipoe. Nyingine huzidi hasira. Akauliza nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia kwetu mtu haingii pahala bila hodi.

Niliporudi Ng'ambo, baiskeli ilikuwa imeshapakwa rangi ya kijani.