Sahani ya Shilingi 5,000 na Karo ya Mtoto

Kila inapofika Novemba, kundi la WhatsApp la chama chetu cha wanafunzi wa zamani, ambalo mwaka mzima hubeba matangazo ya misiba na salamu za asubuhi zenye picha za maua, huchangamka ghafla. Tangazo la karamu ya mwaka limetoka: hoteli ya Kisumu inayotazama ziwa, Jumamosi moja ya Desemba, tiketi shilingi 5,000 kwa mtu mmoja, na shilingi 80,000 kwa meza ya mbele ya watu kumi. Kabla saa mbili hazijapita, mtu huuliza swali lile lile la mwaka jana: kwa nini fedha hizo zisipelekwe shuleni moja kwa moja, ilhali kuna watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo?

Swali hilo si la uchokozi, na wanaoliuliza wana hesabu upande wao. Tuchukue mfano wa karamu ya watu 150 waliolipa 5,000 kila mmoja, ambapo makusanyo ni 750,000. Hoteli ikitoza 2,800 kwa sahani, 420,000 zimekwenda. Vipaza sauti, mapambo, bendi, mpiga picha na mshereheshaji wakimeza 180,000, na ngao za heshima kwa walimu wastaafu na wageni mashuhuri zikigharimu 60,000, mwekahazina anabaki na 90,000. Kwa mwongozo wa karo wa serikali tuliouzoea, mzazi wa mwanafunzi wa bweni katika shule ya kitaifa hulipa 53,554 kwa mwaka, na katika shule nyingi nyingine za bweni 40,535. Kwa hiyo usiku mzima wa hotuba na muziki umemsomesha mwanafunzi mmoja wa shule ya kitaifa, au wawili wa hizo nyingine, na chenji kidogo.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Inadhani kwamba mtu asiyenunua tiketi atazituma zile 5,000 shuleni, na yeyote aliyewahi kuketi katika kamati ya mchango anajua kwamba hazitumwi. Zitaliwa na petroli, na shangazi aliyelazwa, na mambo mengine ya Desemba. Baada ya uhuru, shule nyingi za sekondari nchini zilijengwa kwa harambee, na katika harambee mtu hutoa mbele za watu, jina lake likisomwa kwa sauti na kiasi chake kikitajwa. Tusijifanye kwamba tumebadilika. Mtu yule yule anayetuma 500 kimyakimya kwa Mpesa, ukimketisha na wenzake wa kidato kimoja, akasikia meza ya waliomtangulia kwa mwaka mmoja imetoa 100,000, atasimama. Majivuno ni kasoro, ila yameezeka madarasa mengi.

Zaidi ya fedha kuna fahari, ambayo katika pande zetu si jambo dogo. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na miongoni mwa waliopita humo ni Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, na shule ya St. Mary's Yala ilimlea mwanasiasa Tom Mboya. Shule zisizo na majina makubwa kama hayo nazo zina watu wake, na karamu ndiyo mahali kijana aliyehitimu chuo juzi anaweza kuketi na mhandisi mwenye kampuni bila kupitia kwa karani wake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya wale wasiofika. Katika kidato chetu yupo mwenzetu aliyekuwa akitufundisha hesabu usiku kwa mwanga wa tochi, baada ya taa za bweni kuzimwa. Leo anaendesha tuktuk kati ya mtaa wa Kondele na mjini Kisumu. Kila mwaka anaulizwa kama atakuja, na kila mwaka anajibu, “Nitajitahidi.” Tiketi ingeweza kulipiwa, na wapo waliojitolea, lakini alikataa kwa heshima, kwa sababu mbali na tiketi kuna suti, kuna vitambulisho vya kifuani vyenye nafasi ya kuandika cheo, na kuna mshereheshaji anayewataka watu wasimame wajitambulishe na kazi zao. Chama kinachojiita cha wanafunzi wote kimegeuka chama cha waliofanikiwa, na hakuna aliyepiga kura kiwe hivyo.

Wapo wanaopendekeza karamu irudishwe shuleni, katika bwalo lile lile, kwa wali na maharagwe ya mpishi wa shule. Wazo ni zuri na nimelitetea, lakini lina gharama yake. Pombe haiingii shuleni, wala haipaswi kuingia, na ukweli usiopendeza ni kwamba baadhi ya wachangaji wakubwa wataondoka saa kumi jioni. Kwa upande mwingine, ahadi zinazotolewa saa nne usiku kwenye bia nyingi hazifiki benki. Sijui kama tunapoteza kingi.

Kwa maoni yangu ugomvi wa kweli hauhusu chakula. Unahusu mifuko miwili iliyoshonwa pamoja. Tiketi inauzwa kwa jina la karo ilhali sehemu yake kubwa ni bei ya sahani. Mlaji anaondoka akiamini amechangia, na mwanafunzi anabaki na makombo. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inakitaka chama kilichosajiliwa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na kuwasomea wanachama hesabu. Sisi mkutano huo tunaufanyia hotelini, kati ya nyama na keki, mwekahazina akisoma tarakimu huku wahudumu wakikusanya sahani na bendi ikijaribu gitaa. Nani atainua mkono kuuliza?

Kama ingekuwa juu yangu, mkutano mkuu ungefanyika shuleni asubuhi, bila kiingilio, karatasi ya hesabu ikiwa mkononi mwa kila mtu. Mchango wa karo ungekuwa na akaunti yake na ungekusanywa hapo hapo, majina yakisomwa, hata la aliyetoa 200. Jioni, anayetaka hoteli angelipa bei halisi ya sahani, bila kuambiwa kwamba anamsomesha mtu. Huenda meza ya mbele ikakosa wanunuzi. Lakini mwenye tuktuk angeweza kufika asubuhi akiwa amevaa shati lake la kazi, akaketi kwenye benchi kama sisi wengine, na akauliza swali la hesabu, jambo ambalo tangu zamani anatuzidi.